Dakika Nne

Hapa Thunder Bay kuna jitu la mawe limelala chali ziwani.
Wenyeji huwaonyesha wageni: kifua kile, miguu ile.
Miezi kumi na minne nililionea wivu.
Limelala bila kidonge,
na mimi saa nane za usiku nakagua komeo la mlango
mara ya tano, soksi zimelowa theluji ya barazani,
na Dhahabu, mke wangu, anajifanya amelala
ili nisione haya.

Kwetu tunasema aliyeumwa na nyoka
akiona ung'ongo hushtuka.
Februari hapa haina nyoka.
Ung'ongo wangu ni honi.
Honi yoyote, hata ya mtoto wa jirani na baiskeli yake,
na tayari niko barabara ya kumi na saba, karibu na Nipigon,
gari jekundu linavuka mstari likija kiubavu,
polepole, kama mtu anayebisha hodi.

"Kukumbuka," aliniambia Bi Kaarina,
"ni kujua kwamba jambo limepita.
Lako halijajua."
Nikamwelewa kidereva:
shehena iliyopakiwa kwa pupa, haikufungwa kamba.
Kwa nje tela zima, lakiri haijaguswa,
kumbe kila kona pipa linagonga ubavu wa chuma,
nawe unaendesha ukiogopa kona,
mwisho unaogopa barabara,
mwisho unaogopa kushuka ngazi.

"Basi tufungue milango," akasema. "Tupange."
Nilitaka kumwambia: fungua wewe.

Kila Jumanne nilifumba macho nikasimulia
kana kwamba ndiyo kwanza yanatokea:
Ninashika usukani. Redio inatangaza magongo ya barafuni.
Wipa ya kushoto inakwaruza.
Kinasa sauti kilikaa mezani, kidogo kama kiberiti,
na kazi ya nyumbani ilikuwa kujisikiliza
kila siku, mpaka mwisho, bila kuzima.
Nilizima. Wiki ya kwanza nilizima mara sita.
Wiki ya pili nilitapika kwenye sinki la kufulia.
Wiki ya nne likanipata jambo la ajabu:
nilichoka kusikiliza.
Sauti yangu mwenyewe ilinichosha
kama hotuba ya mwenyekiti wa kamati ya harusi.

Lakini palikuwa na mahali.
Mara zote nane nilipakwepa
kama shimo la barabara unayoijua.
Bi Kaarina alikuwa amepaona, hakusema.
Mara ya tisa nikapasema:
Honi ya gari lake imekwama, inalia.
Mimi nimekaa. Mkanda sijaufungua.
Dakika nne nimekaa, Kitsao mzima, na mtu anakufa.

Akaacha kimya kikae.
Kisha akaniomba nilete ripoti ya polisi,
ile niliyoificha chini ya mfuko wa sembe.
Kamera ya kwenye kioo ilikuwa imehesabu.
Sekunde arobaini na moja.
Kisha mlango wa lori unafunguka,
na mtu mnene aliyevaa ndara za kuendeshea
anakimbia kwenye theluji,
anaanguka, anainuka, anakimbia.

Kidole changu cha mguu kiliungua kwa baridi mwaka ule.
Sikuwahi kujiuliza kiliungua wapi.

Siku ile sikulia. Nililia Alhamisi, dukani,
mbele ya rafu ya viazi.

Usidhani nimepona kama anavyopona mtu wa malaria.
Yule bwana bado amekufa.
Mkono wake, glavu ya kijani, bado ninao.
Uzito ni uleule, mizani haidanganyi.
Ila sasa umefungwa, na kona nazikata.

Jana Dhahabu alituendesha mpaka Nipigon.
Tukaegesha kando, tukala yale maandazi ya hapa
yaliyopakwa sukari ya waridi.
Lori likapita, likapiga honi,
dereva akitusalimu tu.
Moyo uliruka.
Nikausubiri ushuke.
Ukashuka.
Dhahabu akaniuliza kama namalizia andazi langu.
Nikamwambia ndiyo.